Ngeli Mbili za Kifaransa: Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Le na La

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mwanafunzi anayezungumza Kiswahili anavyokabiliana na jinsia ya nomino na vibainishi vya Kifaransa katika hatua za mwanzo za kujifunza lugha hiyo. Msimamo unaotetewa ni kwamba mwanafunzi huyu haanzi mikono mitupu. Ujuzi wake wa ngeli na upatanisho wa kisarufi ni mtaji ambao mara nyingi huachwa nje ya darasa kwa kuwa Kifaransa hufundishwa kupitia Kiingereza. Makala yanaonyesha mahali ambapo Kiswahili kinamsaidia, mahali ambapo kinampotosha, na hatua ambazo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuchukua.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya anayeanza Kifaransa hukutana na kikwazo chake cha kwanza kabla hajatunga hata sentensi moja. Huambiwa kwamba meza, la table, ni ya kike, na kwamba kitabu, le livre, ni cha kiume. Akiuliza meza ina uke gani, hujibiwa kuwa ndivyo Kifaransa kilivyo, na kwamba hana budi kukariri. Basi hukariri. Baada ya majuma machache huwa na orodha ndefu ya maneno yasiyo na mpango, na wengi hukata tamaa hapo wakiamini kuwa lugha hii haina mantiki, au kuwa wao wenyewe hawana kipawa cha lugha.

Suala hili halipaswi kupuuzwa. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka 2022. Nchini Kongo, Kifaransa ni lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Mtaalamu wa Kiswahili atakayefanya kazi ya tafsiri, ukalimani au ualimu katika eneo hili atahitaji Kifaransa. Ikiwa atakosa lugha hiyo kwa sababu ya le na la, hasara haitakuwa yake peke yake.

2.0 Jinsia ya Kisarufi ni Ngeli

Chanzo kimoja cha utata ni istilahi. Neno la Kifaransa genre, ambalo hufasiriwa kama "jinsia", linatokana na neno la Kilatini genus, lenye maana ya aina au jamii ya vitu. Hadi leo Wafaransa hulitumia neno hilo hilo kwa maana ya aina. Kwa hivyo, katika sarufi, swali la msingi si kama kitu ni cha kiume au cha kike. Swali ni kama nomino yake imo katika kundi gani.

Wanaisimu wamelisema jambo hili kwa muda mrefu. Hockett (1958) anaeleza kuwa jinsia ni makundi ya nomino yanayodhihirika katika tabia ya maneno yanayoandamana nazo. Corbett (1991) anazijadili lugha za Kibantu na lugha za Ulaya chini ya dhana moja, kwa kuwa katika zote mbili kigezo ni upatanisho. Kwa mtazamo huu, tofauti kati ya Kiswahili na Kifaransa ni ya idadi zaidi kuliko ya asili. Kifaransa kina makundi mawili tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuzimudu A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, U-ZI, I-ZI na nyinginezo hana sababu ya kuyaogopa makundi mawili.

Tazama mfano ufuatao:

(1) Kiti kidogo cheupe kimevunjika.
(2) La petite chaise blanche est cassée.

Katika sentensi ya kwanza, alama ya ngeli ya KI-VI inajitokeza mara nne: kiti, kidogo, cheupe, kimevunjika. Katika sentensi ya pili, alama ya kundi la kike nayo inajitokeza mara nne: la, petite, blanche, cassée. Iwapo nomino itabadilishwa na kuwa banc, yaani benchi, ambayo ni ya kiume, maneno yote manne yatabadilika: Le petit banc blanc est cassé. Hali ni ile ile ya mzungumzaji wa Kiswahili anayetoka "kiti" na kuingia "jiko": jiko dogo jeupe limevunjika. Hakuna anayeuliza kiti kina "uki" gani. Vivyo hivyo, hakuna haja ya kuuliza meza ina uke gani.

3.0 Kibainishi Kinachofanya Kazi ya Kiambishi

Tofauti moja inaonekana katika mfano wa (2). Nomino chaise yenyewe haina kiambishi kinachotaja kundi lake. Alama hiyo imebebwa na kibainishi kinachoitangulia. Vibainishi vikuu ni le, la na les kwa kitu kinachojulikana, un, une na des kwa kitu kisichojulikana, na du, de la na de l' kwa sehemu ya kitu kisichohesabika.

Umuhimu wa vibainishi hivi hudhihirika zaidi katika usemi kuliko katika maandishi. Kimaandishi, wingi wa livre ni livres. Kimatamshi, s hiyo ya mwisho haisikiki. Anayesikiliza hutambua umoja na wingi kwa le na les. Ni nomino chache tu, kama vile cheval na chevaux (farasi), ambazo hubadilika zenyewe kimatamshi. Hivyo basi, le na les hufanya kazi inayofanana sana na ile ya ki- na vi-. Aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno ili kujua umoja na wingi anahitaji kuendelea na mazoea hayo hayo.

Kutokana na hoja hii, njia ya kukariri inajichora yenyewe. Hakuna mtoto wa Mswahili aliyejifunza "-tabu" kwanza kisha akafundishwa kuwa inachukua ki-. Alijifunza "kitabu" kama neno zima. Mwanafunzi wa Kifaransa anayeandika daftarini "chaise: kiti" amejifunza shina lisilo na kiambishi. Anayeandika "une chaise: kiti" amejifunza neno kamili.

Historia ya vibainishi hivi nayo ina funzo. Kilatini hakikuwa na vibainishi vya aina hii. Le na la zilitokana na vionyeshi vya Kilatini, ille na illa, vilivyokaribia maana ya "yule" au "ile", nayo un na une zilitokana na neno la kuhesabia "moja". Kiswahili sanifu hakikufika huko, lakini dalili za njia hiyo zimo. Msimulizi wa hadithi husema, "Hapo kale palikuwa na mzee mmoja," na baadaye, "Yule mzee akasimama." "Mmoja" wa kwanza hamaanishi kuwa wazee walihesabiwa, na "yule" wa pili haonyeshi kwa kidole. Maneno hayo mawili yanatenganisha asiyejulikana na anayejulikana, kama yafanyavyo un na le.

Kiswahili kina nyenzo nyingine ya aina hiyo. "Nimesoma kitabu" inaweza kuwa jibu kwa anayeuliza jana ulifanya nini, nayo kwa Kifaransa ni J'ai lu un livre. "Nimekisoma kitabu" inadokeza kuwa kitabu hicho kimekwisha kutajwa, nayo ni J'ai lu le livre. Kwa hivyo dai kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hana dhana ya ujulikanaji si sahihi. Dhana anayo, ila huiweka mahali pengine katika sentensi.

4.0 Kuitambua Ngeli ya Nomino ya Kifaransa

4.1 Mwisho wa neno

Katika Kiswahili, anayetafuta ngeli ya nomino ngeni kwanza hutazama mwanzo wake. Neno la Kiarabu kitāb lilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, na wingi ukawa vitabu. Umbo ndilo lililoamua. Katika Kifaransa pia umbo huamua kwa kiasi kikubwa, lakini hutazamwa mwisho wa neno.

Lyster (2006) alichunguza nomino 9,961 kutoka kamusi moja ya Kifaransa ya wanafunzi. Mwisho wa neno ulihesabiwa kuwa wa kutegemewa ikiwa ulitabiri kwa usahihi angalau asilimia 90 ya nomino zenye mwisho huo. Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 81 ya nomino za kike na asilimia 80 ya nomino za kiume zina miisho ya namna hiyo. Kauli ya "kariri tu, hakuna mpango" inavunjwa na takwimu hizi.

Miisho ambayo mwanafunzi anafaa kuanza nayo ni hii:

(a) Kundi la kike: -tion (la nation), -té katika nomino za dhana (la liberté), -ure (la voiture), -ette (la bicyclette), -ance na -ence (la chance, la patience).

(b) Kundi la kiume: -age (le village), -ment (le gouvernement), -eau (le bureau), -isme (le socialisme), -oir (le miroir).

Zipo nomino zinazokiuka, na nyingi kati yazo ni za kila siku: la page, la plage na une image upande wa -age, une eau na la peau upande wa -eau, le silence upande wa -ence, le côté na un été upande wa -té. Hizi zijifunzwe mapema, moja moja.

Majina ya nchi yanatoa zoezi zuri kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Kwa kawaida, nchi ambayo jina lake huishia kwa -e ni ya kike, na nyingine ni za kiume: la Tanzanie, lakini le Kenya, le Rwanda, le Burundi. Le Mozambique na le Zimbabwe zinakiuka. Kundi huathiri hata kihusishi cha mahali: au Kenya, bali en Tanzanie. Uganda, ingawa ni ya kiume, husemwa en Ouganda kwa kuwa inaanza kwa irabu.

4.2 Nomino zinazoficha ngeli

Le na la zikitangulia irabu au h isiyotamkwa hufupishwa kuwa l'. L'école (shule) ni ya kike na l'hôtel (hoteli) ni ya kiume, lakini kibainishi hakisemi hivyo. Hali hii si ngeni. Neno "nyumba" halionyeshi kama ni moja au ni nyingi hadi lifuatwe na "hii" au "hizi". Msikilizaji husubiri upatanisho. Katika Kifaransa pia husubiri: l'école est grande, l'hôtel est grand. Kwa nomino za aina hii mwanafunzi aandike un au une, ambazo hazifupishwi: une école, un hôtel.

4.3 Umbo moja, ngeli mbili

Baadhi ya nomino hubadilisha maana zikibadilisha kundi. Le livre ni kitabu, la livre ni ratili au pauni. Le tour ni mzunguko au zamu, la tour ni mnara. Ndiyo sababu mashindano ya baiskeli ni le Tour de France, ilhali mnara wa Paris ni la tour Eiffel. Le poste ni cheo au kituo, la poste ni posta. Anayeshangazwa na jozi hizi akumbuke "ndege huyu" na "ndege hii". Wa kwanza ana mabawa yenye manyoya, ya pili hutua katika kiwanja. Neno ni moja, na upatanisho ndio unaotenganisha maana.

5.0 Pale Kiswahili Kinaposaidia Kuliko Kiingereza

Katika vipengele vitatu angalau, anayefikiri kwa Kiingereza hupotea ilhali anayefikiri kwa Kiswahili huelekezwa vyema.

Cha kwanza ni vivumishi vya kumiliki. Kiingereza hutazama mwenye mali, iwapo ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa hutazama mali: son livre ni kitabu chake na sa maison ni nyumba yake, mwenyewe awe nani. Mwanamke mwenye kitabu ana son livre. Kiswahili nacho husema "chake" kwa sababu ya kitabu na "yake" kwa sababu ya nyumba. Kosa la kudhani kuwa son ni ya mwanamume na sa ni ya mwanamke ni la Kiingereza. Tahadhari moja tu inahitajika: mbele ya irabu, nomino ya kike huchukua mon, ton, son, kama katika mon école.

Cha pili ni viwakilishi. Kifaransa hakina kiwakilishi kimoja cha vitu vyote. Le livre huwakilishwa na il, la lettre na elle. Kiswahili nacho hutofautisha: kitabu "kiko" mezani, barua "iko" mezani. Yambwa inafanana zaidi. "Ninakisoma" ni je le lis, na "ninaisoma" ni je la lis. Alama ya yambwa katika lugha zote mbili hukaa baada ya kiima na kabla ya shina la kitenzi.

Cha tatu ni viungo vya mwili. Mswahili husema "amevunjika mguu" na "ananawa mikono". Hana haja ya kusema "wake" au "yake". Kifaransa pia husema il s'est cassé la jambe na il se lave les mains, kwa kibainishi bila kimilikishi. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza huongeza kimilikishi kisichotakiwa.

6.0 Pale Kiswahili Kinapopotosha

Ingekuwa si haki kutaja msaada na kuficha madhara. Kosa lililo wazi zaidi ni kuacha kibainishi. "Ninapenda chai" na "ninakunywa chai" zina chai ile ile, kwa hivyo mwanafunzi huandika *J'aime thé na *Je bois thé. Sahihi ni J'aime le thé, kwa kuwa chai yote kwa jumla inapendwa, na Je bois du thé, kwa kuwa kinachonywewa ni sehemu yake. Katika ukanushi, du, un, une na des hugeuka kuwa de: Je ne bois pas de thé. Le na la hazigeuki: Je n'aime pas le thé. Vilevile, baada ya kitenzi être hakuna mabadiliko: Ce n'est pas un livre.

Kosa la pili linatokana na uhai. Katika Kiswahili, maana hushinda umbo: "kiongozi amefika", si *"kiongozi kimefika". Katika Kifaransa, kwa baadhi ya nomino, umbo hushinda maana. La personne, la victime na la sentinelle (mlinzi) ni za kike hata zikimtaja mwanamume: La victime est arrivée. Mwanafunzi wa Kiswahili hushawishika kumtazama mtu badala ya kuitazama nomino.

La tatu ni "yeye". Kiwakilishi hiki humtosha mama na baba. Katika Kifaransa mama ni elle na baba ni il, na mwanafunzi anayejua kanuni vizuri huteleza anapozungumza kwa haraka.

La nne ni la matamshi. Un ina irabu ya puani, na une ina irabu ambayo Kiswahili hakina. Asiyezitenganisha sauti hizi hawezi kuitenganisha jinsia kwa masikio, hata akiijua kwa macho. Irabu ya une hupatikana kwa kutamka i huku midomo imeviringwa kama ya u.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, katika darasa lenye wanafunzi wa Kiswahili, makundi ya Kifaransa yaitwe ngeli, na yapewe majina kwa upatanisho wake kama ilivyo desturi katika shule za Kenya. Kama kuna KI-VI na LI-YA, basi kuwe na ngeli ya UN-DES na ngeli ya UNE-DES. Majina haya yanafaa kuliko LE-LES na LA-LES kwa kuwa hayamezwi na irabu. Istilahi za "kiume" na "kike" zitajwe baadaye, kwa kuwa kamusi na vitabu vya sarufi huzitumia.

Pili, nomino isiandikwe wala isikaririwe bila kibainishi chake. Iandamane pia na kivumishi kinachobadilika kimatamshi, kwa mfano un grand hôtel na une grande école, ili sikio lisaidie kumbukumbu.

Tatu, miisho ya maneno ifundishwe tangu muhula wa kwanza, pamoja na vighairi vyake vya kila siku.

Nne, makosa ya wanafunzi yachunguzwe kabla ya kuadhibiwa. Corder (1967) alionyesha kuwa kosa ni ushahidi wa kanuni ambayo mwanafunzi anaijenga. Anayesema *Je bois thé anafuata kanuni ya Kiswahili. Akielezwa hivyo, atajua cha kurekebisha. Akiwekewa alama nyekundu pekee, atarudia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa le na la si fumbo lisilo na kifumbuzi. Ni viashiria vya ngeli mbili katika lugha iliyoutoa upatanisho kwenye kiambishi na kuuweka kwenye kibainishi. Mwanafunzi wa Kiswahili amekuwa akiutumia upatanisho tangu utotoni, na chuoni hufundishwa kuuchanganua. Kinachobaki ni yeye kuruhusiwa kuutumia ujuzi huo katika darasa la Kifaransa. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuandaa mazoezi, faharasa na vitabu vya kiada vitakavyomfikisha msomaji kwenye Kifaransa moja kwa moja kutoka Kiswahili, bila kumzungusha kupitia Kiingereza.